Nukta Moja Chini ya Herufi: Msumeno wa Nakshi na Mbao za Turkana

Ubao ule niliukata kwa siku nne. Ulikuwa wa mti wa mathenge, rangi yake kahawia yenye wekundu, na ndani yake nilitoboa jina la Mwenyezi Mungu, Ar-Rahim, kwa herufi zilizo wazi ili mwanga wa dirisha upate kupita. Chuo kimoja cha Qur'ani mjini Lodwar kiliuagiza kiutundike juu ya mlango wake. Maalim aliupokea kwa mikono miwili, akaunyanyua penye mwanga, akanyamaza. Kisha akapitisha kidole chini ya herufi ya ha.

"Mwanangu," akasema kwa upole, "hapa pana nukta."

Nilitazama nikaona aibu. Msumeno wa nakshi hauwezi kuanza kukata katikati ya ubao mpaka kwanza pametobolewa tundu la kupitishia bledi. Nilipokuwa nikitoboa matundu ya nukta mbili za ya, keekee iliniteleza ikatoboa kando, chini ya ha. Nililiona tundu lile nikalidharau, kwa kuwa lilikuwa dogo. Lakini ha yenye nukta chini yake si ha tena, ni jim. Na Rahim, Mwenye kurehemu, ikiandikwa kwa jim husomeka rajim, neno tunalomwitia shetani aliyelaaniwa. Watoto wa chuo wangeingia kila siku chini ya neno hilo.

Nimeanza na kosa langu mwenyewe kwa sababu wasomaji kadhaa wa jarida hili wameniuliza juu ya kazi hii, na vijana wa Kiislamu walioko Lodwar na Kakuma wameanza kuishika kama njia ya rizki. Ni kazi inayotaka mtaji mdogo na subira kubwa. Basi nitaeleza yale niliyojifunza, mbao kwanza, kisha msumeno, kisha upakaji, na mwisho nitarejea kwenye ubao wa Maalim.

Ufundi uliokutana jangwani

Sisi watu wa pwani tumelelewa na nakshi. Milango ya Lamu na ya Mji Mkongwe wa Zanzibar inajulikana duniani, na miji hiyo miwili imo katika orodha ya urithi wa dunia ya UNESCO, Zanzibar tangu mwaka 2000 na Lamu tangu mwaka 2001. Milango hiyo huchongwa kwa patasi. Lakini ukitazama juu, kwenye roshani za nyumba za kale za Zanzibar na Mombasa, utaona mbao nyembamba zilizotobolewa maua na duara zikapitisha upepo na kuwasitiri walio ndani. Hiyo ndiyo kazi ya msumeno mwembamba, na ndiyo ninayoizungumzia hapa.

Waturkana wana desturi zao, wala hawakutungoja sisi tuwafundishe mbao. Kila mzee wa Kiturkana hutembea na ekicholong, kigoda kidogo kilichochongwa kwa kipande kimoja cha mti, ambacho hukikalia mchana na kukilalia kichwa usiku. Huko Kakuma nako, tangu kambi ilipofunguliwa mwaka 1992, wamekusanyika watu wa Sudan, Sudan Kusini, Somalia, Ethiopia, Kongo, Burundi na kwingineko, na miongoni mwao wamo maseremala waliokuja na ufundi wao vichwani, mikono mitupu. Ndugu zetu Wasomali walikuja pia na desturi ya loox, ubao ambao mtoto huandikia aya za Qur'ani, akazihifadhi, kisha akauosha aandike nyingine.

Kwa watu wa Kakuma kazi hii si ya kupitishia wakati. Mwaka 2025 posho ya chakula ilipunguzwa mno kwa uhaba wa fedha za wafadhili, na familia nyingi zililazimika kutafuta senti popote zilipo. Mkimbizi haruhusiwi kutoka kambini kwenda mbali bila kibali. Lakini marfaa aliyoitengeneza hupakiwa kwenye gari, ikapita Lodwar, umbali wa kilomita 120 hivi, ikafika Kitale, Nairobi hata Mombasa. Kazi ya mkono husafiri pale mwenye mkono asipoweza. Ndiyo maana kazi yenyewe haina budi iwe nzuri: ikifika Mombasa imepinda au imepasuka, hakuna atakayeagiza ya pili.

Mti uliotoka pwani

Swali la kwanza la fundi wa Turkana ni mti gani akate. Mgunga, ambao Waturkana huuita ewoi, ni kivuli cha watu, na maganda yake ni chakula cha mbuzi wakati wa kiangazi. Miti ya ukingoni mwa mto Turkwel na mto Tarach ina wenyewe, ukoo kwa ukoo, na ugomvi mwingi baina ya wenyeji na wakimbizi umetokana na kuni. Fundi Mwislamu hajengi rizki yake juu ya haki ya mwingine. Auache mgunga usimame.

Badala yake upo mathenge, unaoitwa etirae kwa Kiturkana. Mti huu si wa hapa, na msomaji wa Mombasa atashangaa kujua kwamba ulipita kwake kwanza: mbegu za mwanzo zilizoandikwa katika kumbukumbu za Kenya zilipandwa mwaka 1973 katika machimbo ya Bamburi, ili kurudisha uhai kwenye ardhi iliyochimbwa. Katika miaka ya 1980 mti huo ulipelekwa Baringo, Tana River na Turkana kuzuia jangwa. Ulizuia jangwa, kisha ukawazuia na watu: ukaziba njia za mifugo, ukafunika malisho, na maganda yake matamu yakaozesha meno ya mbuzi. Mwaka 2006 Wailchamus wa Baringo waliishitaki serikali, na mbuzi asiye na meno akapelekwa mahakamani kuwa ushahidi. Mwaka 2008 mti huo ukatangazwa rasmi kuwa gugu haribifu.

Kwa seremala, gugu hilo ni neema. Kiini chake ni kigumu, kina rangi ya kupendeza, na husinyaa kidogo kuliko mbao nyingi unapokauka. Kasoro yake ni kwamba shina hupinda, na ni nadra kupata ubao mrefu ulionyooka. Lakini kazi ya msumeno wa nakshi haidai mbao ndefu. Kipande cha sentimita 40 chatosha. Pamoja na hayo, zingatia mambo matatu. Miiba yake huumiza na kidonda chake hukawia kupona, kwa hiyo vaa viatu vizito na glovu unapoukata shambani. Sehemu ya nje yenye rangi hafifu, iliyo karibu na gome, huliwa na wadudu, basi iondoe ubaki na kiini. Na kabla ya kukata, mwombe ruhusa mwenye ardhi na uliza ofisi ya misitu, hata kama mti wenyewe ni gugu.

Baada ya kupasua mbao, paka nta au rangi ya zamani kwenye ncha zake mbili, kwani maji hutoroka upesi kupitia ncha na ndipo nyufa zinapoanzia. Zipange kivulini, mbali na upepo, kukiwa na vijiti baina ya ubao na ubao. Kila Ijumaa pima uzito wa ubao mmoja kwa mizani ya duka. Ukiona uzito haupungui tena kwa wiki tatu mfululizo, ubao umekauka.

Unyevu wa Mombasa na ukavu wa Lodwar

Hapa ndipo mafundi wengi wa pwani wanapopotea wanapohamia bara kavu. Ubao haufi baada ya kukatwa. Huendelea kunywa na kutoa unyevu kulingana na hewa. Penye hewa yenye unyevu wa asilimia 80, kama tuliyoizoea ufukweni, ubao hutulia ukiwa na maji kiasi cha asilimia 15 au 16 ya uzito wake mkavu. Penye hewa ya asilimia 40, hutulia kwenye asilimia 7 au 8. Lodwar hupata mvua ya milimita 200 hivi kwa mwaka, na jua lake halina mzaha. Ubao wa kawaida wenye upana wa sentimita 30 ukitoka Mombasa kuja huku waweza kupungua upana kwa milimita 3 hadi 5. Ukiwa umegundishwa pande zote, utapasuka kwa mlio utakaokuamsha usiku.

Dawa yake ni hii. Mbao zilizotoka pwani ziache ndani ya karakana kwa wiki kadhaa kabla ya kuzikata. Ubao mpana unaotiwa ndani ya fremu usiupake gundi kwenye mfereji wake. Uache ukae huru, uweze kupanuka na kusinyaa. Usigundishe ubao mzima wa mti juu ya plaiwudi pana, kwa sababu plaiwudi haiendi popote na ubao unataka kwenda. Na kazi ya Lodwar inayokwenda Mombasa itavimba, basi vifuniko vya masanduku viachie nafasi, visije vikakwama vifikapo.

Msumeno na bledi

Msumeno wa nakshi wa umeme una bledi nyembamba kama ukambaa, inayopanda na kushuka, nawe huuzungusha ubao kuufuata mchoro. Anayekosa umeme asikate tamaa. Msumeno wa mkono wenye fremu ya umbo la upinde hufanya kazi ile ile, polepole. Ufungie mezani kipande cha ubao chenye mkato wa pembe tatu mbele yake, uweke kazi yako juu yake, na ukate ndani ya mkato huo. Meno ya bledi ya msumeno huu yaelekee chini, ili ukate unapovuta.

Kwa mashine ya umeme, meno pia huelekea chini. Kaza bledi vizuri, kisha iguse kwa ukucha kama uzi wa udi: ikitoa sauti kali na safi, imekaza, ikitoa sauti nzito, bado. Bledi iliyolegea hutangatanga, na pande za mkato hazisimami wima. Kwa plaiwudi nyembamba tumia bledi yenye meno madogo mengi, na kwa mathenge nene tumia pana zaidi yenye meno machache. Kabla ya kuanza, kata kidogo ukingoni mwa kipande kinene, kisha kigeuze kipande hicho nyuma ya bledi. Bledi ikiingia sawasawa kwenye mkato, meza imekaa wima.

Usishangae ukiona bledi inavuta upande mmoja. Zilizo nyingi ndivyo zilivyotengenezwa, zina makali zaidi upande mmoja. Usishindane nayo, sukuma ubao kwa pembe kidogo mpaka mkato ufuate mstari. Usisukume kwa nguvu, kwani bledi hupinda tumboni na kukata upande wa chini tofauti na wa juu. Mathenge ni mgumu na huungua: bandika utepe wa plastiki wa kufungia maboksi juu ya mchoro, nao utapunguza joto na alama nyeusi. Bledi butu itupe. Shilingi chache za bledi mpya ni nafuu kuliko ubao wa siku nne.

Kata matundu ya ndani kwanza, ya katikati kabla ya ya pembeni, madogo kabla ya makubwa, na ukingo wa nje uwe wa mwisho kabisa. Hivyo ubao hubaki na nguvu mpaka dakika ya mwisho. Tazama pia mwelekeo wa nyuzi za mti: kishikio chembamba kilichokatwa kukingama na nyuzi huvunjika kwa kuguswa tu.

Kukata herufi za Kiarabu

Herufi zetu zina mitihani miwili. Ukikata herufi zikawa matundu, jicho la mim na la waw huanguka, kwa sababu limezungukwa na uwazi pande zote. Ukikata herufi zenyewe zikabaki, nukta ndizo zinazoanguka. Kwa njia ya kwanza, acha daraja dogo la milimita 3 linaloshika jicho. Kwa njia ya pili, weka nukta kwenye kopo lenye kifuniko mara tu zinapokatwa, kisha uzibandike pamoja na herufi juu ya ubao wa nyuma. Herufi ni nyembamba na hazina upana wa kusinyaa, kwa hiyo plaiwudi hapo haidhuru.

Hesabu nukta kwenye karatasi kabla ya kukata, na uzihesabu tena kwenye ubao. Mpe mwalimu aisome kazi kabla hujaipaka chochote, hata kama wewe mwenyewe umehitimu. Jicho la fundi huona mistari, lakini la msomaji huona maneno. Na kipande kilichoharibika chenye jina la Mwenyezi Mungu hakitupwi jaani wala hakiachwi kikanyagwe. Piga randa mpaka herufi zifutike, au kifukie mahali safi.

Msasa, mafuta na tahadhari zake

Baada ya kukata, piga msasa namba 120, kisha 180, kisha 220, kufuata nyuzi za mti. Vaa barakoa nzuri, kwa sababu vumbi la mathenge huwasha pua na macho, na vumbi lolote la mbao hudhuru mapafu likivutwa miaka mingi. Wanaokaa karibu na karakana, hasa watoto, nao wana haki ya hewa safi; basi kaa upande ambao upepo unalichukua vumbi mbali na nyumba.

Kwa marfaa na vitu vya nyumbani napendelea mafuta ya kitani yaliyochemshwa, yanayouzwa madukani, na juu yake nta ya nyuki. Paka mafuta membamba kwa kitambaa, ngoja dakika 15, futa yote yaliyobaki juu, na rudia kesho yake. Usitumie mafuta ya nazi wala ya kupikia. Hayakauki, bali hunata na kunusa. Kama wataka vanishi, ipunguze kidogo kwa tapentaini, kwani joto la Lodwar huikausha kabla haijatandaa na kuacha alama za brashi. Tengeneza fremu ya fito uifunike kwa chandarua, na kazi ikaukie ndani yake, salama na vumbi na nzi. Babu zetu waliijua sandarusi, utomvu uliochimbwa ardhini pwani na kusafirishwa kutoka Zanzibar hadi Marekani karne ya kumi na tisa kutengenezwa vanishi bora.

Tahadhari kubwa ni ya vitambaa. Kitambaa chenye mafuta ya kitani kikikunjwa na kutupwa pembeni hupata joto chenyewe na huweza kuwaka moto bila kiberiti, na katika joto la Turkana hatari huzidi. Kitandaze juu ya waya nje mpaka kikauke kikawa kigumu, ndipo ukitupe. Karakana ya mabati na makuti, iliyojaa unga wa mbao, haihitaji cheche ya pili.

Mambo mawili yanatuhusu sisi hasa. Brashi nyingi za manyoya ya asili, hasa meupe magumu, hutengenezwa kwa manyoya ya nguruwe. Kwa marfaa ya Qur'ani tumia brashi ya nailoni au kitambaa cha pamba. Pia baadhi ya vanishi huyeyushwa kwa spiriti. Maulamaa wana kauli zao katika hilo. Anayeona shaka moyoni amuulize mwalimu wake, au atosheke na mafuta na nta. Ama loox ya kuandikia usiipake chochote cha kung'aa: isugue iwe laini tu, ili wino ushike na uoshwe.

Kazi ya kuanzia

Anayeanza na atengeneze marfaa ya mbao mbili, kila moja sentimita 40 kwa 20, unene milimita 15. Katika ubao wa kwanza kata dirisha la kukingama katikati, upana wake sentimita 10, na kimo chake mara moja na nusu ya unene wa ubao. Ubao wa pili upunguze nusu yake ya chini ubaki upana wa sentimita 9.8, ili upite ndani ya dirisha. Ukizipachika zitasimama kwa umbo la msalaba wa mkasi, na kimo kile cha dirisha kitazizuia zisifunguke zikalala chini. Hakuna bawaba, hakuna msumari. Nakshi za juu ni hiari yako.

Nirudi kwenye ubao wa Maalim. Nilimwomba anirudishie. Katika mabaki ya ubao ule ule nilikata kiziba cha duara, chembamba kidogo upande mmoja kama kizibo cha chupa, nikakitia gundi na kukigonga kwenye tundu huku nyuzi zake zikilala sambamba na nyuzi za ubao. Baada ya siku mbili nikasawazisha kwa msasa na kupaka mafuta. Niliupeleka tena chuoni. Maalim aliusoma kwa sauti, herufi kwa herufi, kisha akamwita mwanafunzi mdogo naye akausoma. Walipokubaliana wawili, ukatundikwa.

Ukikaribia sana utakiona kiziba, duara hafifu chini ya ha. Nilitaka kumkatia Maalim ubao mwingine bila malipo, naye akakataa. Alisema mbao zilizobaki nimfundishie kijana mmoja wa Kakuma aliyekuwa akisoma hapo kwa kibali cha miezi michache. Kijana huyo sasa amerudi kambini na anakata marfaa. Anahesabu nukta mara mbili, kwa kuwa nilimweleza sababu. Mwenyezi Mungu aibariki mikono yake, na mikono ya kila anayetafuta halali.